Amepita au Imepita?

Kwenye gereji moja pale Gerezani, Dar es Salaam, ipo kalenda ambayo nimeitazama kila nilipompelekea fundi gari langu. Ni kalenda ya muuza betri. Juu ya tarehe amechapwa msichana aliyevaa vazi la kuogelea, kapiga magoti kwenye zulia jeupe, kaikumbatia betri ya gari kama anayembembeleza mtoto. Macho yanatazama pembeni, mdomo umeachwa wazi kidogo. Siku moja nikamuuliza fundi, kijana ambaye huniamkia shikamoo hata mikono ikiwa imejaa oili, anaionaje picha ile. Akacheka. "Mzee, huyu betri haijui. Angeijua asingeiweka kwenye tumbo tupu, maji yake yanaunguza." Akanionyesha suruali yake, matundu madogo madogo kuanzia pajani hadi gotini. Tindikali.

Wakati bado tunacheka, dada mmoja akakatiza mbele ya gereji na kapu lake. Kijana mwingine, aliyekuwa chini ya gari, akachungulia na kusema, "Pisi hiyo imepita."

Imepita. Hakusema amepita.

Sarufi yetu ina wivu sana na viumbe hai. Kiti kimeanguka, lakini kipofu ameanguka. Kiongozi amefika, kiboko ametoka majini. Mbuzi, kuku, hata nzi, wote wana a- yao. Nomino inaweza kuvaa sura ya kitu, kitenzi kikakataa katakata. Mtu tunamvua a- pale tu tunapotaka kumdogosha au kumtisha: kijitu kile kimekuja tena, jitu lile limesimama mlangoni. Halafu shuka mtaani usikilize vijana wakisifia: pisi imepita, chombo kimetulia, mzigo umesimama, kifaa kipya kimeingia mjini. Kuku anapita, mwanamke imepita. Na hiyo pisi yenyewe, neno lililotoka kwa Waingereza, maana yake ni kipande.

Mjadala wote wa mwanamke katika matangazo ya biashara, kwa maoni yangu, umo ndani ya kiambishi hicho kimoja. Tunaposhtakiana kuhusu mabango na video, kwa kawaida tunapima nguo: fupi kiasi gani, imebana kiasi gani, kitovu kinaonekana au hakionekani. Tukimaliza kupima tunadhani tumemaliza kesi. Lakini swali la kwanza ni la sarufi. Ndani ya tangazo hili, mwanamke ni kiima, yaani anatenda jambo, au ni shamirisho, anayetendwa na kutazamwa tu?

Wanafalsafa wamelichambua jambo hili kwa makini kuliko sisi waandishi wa magazeti. Mwaka 1995 Martha Nussbaum wa Marekani aliandika makala akitaja njia saba ambazo mtu hugeuzwa kitu: hutumika kama chombo cha haja za mwingine; hiari yake haihesabiwi; huchukuliwa kuwa hana utendaji; anaweza kubadilishwa na mwingine wa aina yake bila hasara; mwili wake huonekana ni wa kuvunjwa na kuingiliwa; huwa mali ya mtu; na hisia zake haziulizwi. Baadaye Rae Langton akaongeza tatu: kupunguzwa hadi kuwa mwili tu, kupunguzwa hadi kuwa sura tu, na kunyamazishwa. Msemo wetu wa siku nyingi, kwamba mwanamke si chombo cha starehe, umeshika ile ya kwanza tu. Hizo nyingine tunaziona kila siku bila kuzipa jina.

Angalia tena mikono ya msichana wa kalenda. Erving Goffman, mwanasosholojia aliyezaliwa Kanada, alikusanya mamia ya picha za matangazo na mwaka 1979 akazichapisha katika kitabu. Aligundua mambo ambayo ukishaonyeshwa huwezi tena kutoyaona. Mwanamume katika tangazo hushika kitu: anakamata chupa, anazungusha usukani, ananyoosha kidole kuelekeza. Mwanamke hupapasa. Vidole vyake hupita juu ya kitu bila kukibeba, au hujigusa mwenyewe, shavu, shingo, bega. Huwekwa chini, kitandani au sakafuni, huku wengine wamesimama. Akisimama, goti moja hulegea na shingo huinama. Akili yake huonekana imeondoka, yuko mbali, hajui kinachoendelea. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji avuliwe nguo. Msichana wa Gerezani ukimvalisha baibui na kumwacha katika mkao uleule, bado betri haijui.

Biashara hii ina umri. Mwaka 1911 wakala wa J. Walter Thompson huko Marekani alianza kuitangaza sabuni ya Woodbury kwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni "ngozi unayopenda kuigusa". Yasome tena maneno hayo. Yupo mgusaji, upo mguso, ipo ngozi. Mwenye ngozi hayumo kwenye sentensi. Aliyeliongoza tangazo hilo alikuwa mwanamke, Helen Lansdowne, mtetezi wa haki ya wanawake kupiga kura. Nalitaja hilo kwa wale wanaodhani kwamba dawa ni kuongeza tu idadi ya wanawake katika ofisi za matangazo.

Kutoka hapo ngazi zikapandwa moja moja. Mwaka 1980 Calvin Klein aliuza jinzi kwa kumtumia Brooke Shields aliyekuwa na miaka 15. Mwaka 2007 manukato ya kiume ya Tom Ford yalitangazwa kwa picha ya mwanamke aliyekatwa uso, macho hayapo, chupa imebanwa katikati ya matiti. Mwaka huohuo Dolce & Gabbana walitoa picha ya mwanamke aliyelazwa chini, mwanamume amemkandamiza mikono, wanaume wengine wamesimama wanatazama. Malalamiko yalianzia Hispania na Italia hadi picha ikaondolewa. Kampuni ilikuwa inauza nguo, na mwanamke pekee katika picha ndiye aliyekuwa hana namna ya kuondoka.

Watetezi wa matangazo haya wana jibu moja ambalo husemwa kana kwamba limethibitishwa: ngono inauza. Je, inauza?

Siku ile nilimuuliza fundi swali la pili. Kalenda ilikuwa imekaa ukutani kwake miezi minane, nikamwambia asigeuke, anitajie ni betri ya kampuni gani. Akafikiri. Akataja kampuni moja, akajisahihisha, akataja nyingine. Zote mbili sizo. Alichokumbuka bila shaka ni ukubwa wake: ilikuwa N50.

Watafiti wamefanya jaribio kama hilo kwa utaratibu zaidi. Mwaka 2017 John Wirtz na wenzake walizikusanya tafiti 78 wakazipima pamoja. Watu walilikumbuka tangazo lenye mvuto wa ngono kuliko lisilo nao, lakini jina la bidhaa hawakulikumbuka zaidi, na nia ya kununua haikuongezeka. Wanaume kwa wastani waliyapenda matangazo hayo, wanawake waliyachukia. Miaka miwili kabla yao, Robert Lull na Brad Bushman walikuwa wamechambua majaribio 53 na kuona kwamba kadiri ngono inavyozidi ndani ya tangazo, ndivyo kumbukumbu ya bidhaa na hamu ya kuinunua zinavyopungua. Macho ni mawili tu. Yakienda kwenye mapaja, hayasomi jina la betri. Kampuni ya baga ya Carl's Jr. ya Marekani iliuza kwa picha za wanawake wenye bikini tangu ilipomtumia Paris Hilton mwaka 2005, na mwaka 2017 ikaamua yenyewe kuachana na mtindo huo ili wateja waangalie chakula.

Kwa nini basi bado yapo? Nenda kwenye vibanda vya uchapaji Kariakoo ukae saa moja. Anakuja mwenye duka la vipuri, anataka bango. Kijana wa kompyuta ana folda la picha alizozishusha mtandaoni, anafungua. "Bosi, hapa pamekuwa patupu, tuweke na mdada?" Bosi anakubali kabla sentensi haijaisha. Hakuna mkutano, hakuna njama ya mfumo dume iliyopangwa usiku. Pana nafasi tupu inayotaka kujazwa, na picha ya mwanamke ndiyo plasta ya bei nafuu kuliko zote. Katika kampuni kubwa kijazio ni kilekile, ila hupitia vikao vingi zaidi, na huko siku hizi kinachohesabiwa ni waliotazama na waliopenda. Waliotazama wakaenda zao hawatenganishwi sana na waliotazama wakanunua.

Gharama hulipwa na mtu mwingine. Mwaka 1998 Barbara Fredrickson, Tomi-Ann Roberts na wenzao walichapisha jaribio ambalo bado linanishangaza. Wanafunzi wa chuo waliingia mmoja mmoja katika chumba chenye kioo, wengine wakajaribu sweta, wengine vazi la kuogelea, kisha wakiwa bado wamelivaa wakapewa maswali ya hesabu. Hakuna aliyekuwa akiwatazama. Wasichana waliovaa vazi la kuogelea walipata alama za chini kuliko wenzao wa sweta; wavulana hawakuathirika hivyo. Sehemu ya akili ya msichana ilikuwa imetoka nje, imesimama mlangoni, inajitazama kwa macho ya mtu mwingine. Hapo hakuna mwanamume wa kumlaumu. Ni mazoea ya miaka mingi ya kuangaliwa, na matangazo ni mwalimu mmojawapo wa mazoea hayo, mwalimu asiyekosa darasani hata siku moja.

Kwetu somo hilo lina sura nyingine, mkorogo. Mwaka 2017 Nivea iliwekewa pingamizi kali Afrika Magharibi kwa tangazo la losheni iliyoahidi ngozi inayoonekana nyeupe zaidi. Tangazo la namna hiyo humwambia mwanamke kwamba mwili wake ni ukuta, upakwe rangi upya. Mapaja hayamo, wala kitovu, na ukiwa na futi ya kupimia sketi utalipita bila kuliona.

Ila pengine anayelipa gharama waziwazi kuliko wote ni dada wa promosheni. Mnamjua. Baa imejaa, saa tatu usiku, anaingia na gauni fupi lenye rangi za bia fulani, trei mkononi. Nilimwona mmoja Sinza akieleza ofa mezani kwetu: ukinunua tatu unapewa kofia. Mzee wa meza ya pili akamuuliza kwa sauti ili wenzake wasikie, "Na wewe unatolewa kwa bia ngapi?" Meza ikacheka. Naye akacheka. Alipofika kwangu nikamwambia pole mwanangu. Akajibu bila kuinua macho, "Baba, nikinuna naambiwa siwezi kazi." Gauni lile si lake. Zamu ikiisha linarudi ofisini, kesho analivaa mwingine mwenye kimo hichohicho. Ile ya nne ya Nussbaum, ya kubadilishwa bila hasara, sijaiona imeandikwa wazi kuliko kwenye lebo ya gauni hilo.

Sasa, sisi huku tumelijibuje jambo hili? Kwa futi ya fundi cherehani. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia mwaka mpya wa 1969 marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kubadili rangi ya ngozi na suruali za kubana. Hata kabla ya siku yenyewe kufika, vikundi vya vijana vilikuwa Kariakoo vinawavamia wanawake. Walioitwa walinzi wa heshima ya mwanamke walianza kwa kumchania nguo. Nairobi, Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo hadharani na kundi la wanaume kwa madai kwamba kavaa vibaya, na maelfu waliingia mtandaoni na barabarani kusema mavazi yangu ni hiari yangu.

Uganda ndiyo inayonipa mfano uliokamilika. Februari 2014 Rais Museveni alitia saini sheria dhidi ya ponografia. Neno sketi halikuwamo katika sheria iliyopitishwa, lakini viongozi walikuwa wameshalisema sana, na wanawake wakavamiwa mitaani. Sheria hiyo ilikaa hadi Agosti 2021, Mahakama ya Katiba ilipozibatilisha sehemu zake za msingi. Katikati ya hapo, Februari 2019, sheria ikiwa bado inafanya kazi, waziri wa nchi wa utalii Godfrey Kiwanda alizindua shindano la Miss Curvy, akieleza kwamba wanawake wa Uganda waliojaliwa maumbo manene na mazuri ni mkakati mmojawapo wa kukuza utalii wa nchi. Wanaharakati walikuja juu. Waliuliza kama sasa mwanamke ameingizwa katika orodha pamoja na sokwe na maporomoko ya maji.

Watu wengi waliona unafiki, serikali moja ikikataza mwili huku na kuuuza kule. Mimi sioni unafiki wowote, naona mkono mmoja. Anayekwambia ficha na anayekwambia onyesha wote wawili wanazungumza juu ya mali, wanatofautiana tu kama iwekwe kabatini au dirishani. Hakuna katika wote wawili aliyemgeukia mwenye mwili akamuuliza neno.

Ndiyo maana vyombo vyetu vya kudhibiti hukamata samaki wasio wenyewe. Mwaka 2016 bodi ya filamu ya Kenya ilisimamisha tangazo la Coca-Cola kwa sababu lilikuwa na watu wanaobusiana. Wanaobusiana ni wawili, wote wanatenda, wote wanataka. Miaka mitatu kabla, tangazo la serikali la kuhimiza kondomu lilikuwa limeondolewa kwenye televisheni baada ya viongozi wa dini, Wakristo na Waislamu, kulalamika. Ndani yake mama mwenye ndoa, mwenye uhusiano wa nje, alishauriwa na mwenzake sokoni ajikinge. Unaweza kulikataa kwa sababu za imani, na wengi walikuwa na sababu zao. Ila ona kilichotokea: mwanamke huyo alikuwa amevaa vizuri, ana siri, ana uamuzi wa kufanya, ana rafiki wa kumwambia. Alikuwa na a- yake kamili. Huyo akaondolewa, na msichana wa betri yupo mpaka leo.

Nje wamekwenda mbali kidogo, si mbali sana. Norwei imekuwa na kifungu dhidi ya matangazo yanayomdhalilisha mwanamke tangu 1978. Jiji la Paris liliamua mwaka 2017 kutoyaruhusu mabango ya namna hiyo kwenye nafasi zake. Uingereza ina historia ya kuyumba. Mwaka 2015 bango la Protein World, msichana wa bikini na swali kama mwili wako uko tayari kwa ufukwe, lilichorwa na wapita njia kwenye vituo vya treni za London, na zaidi ya watu 70,000 wakasaini kulipinga. Mamlaka ya matangazo ililizuia kwa madai yake ya kupunguza uzito. Picha yenyewe haikuonekana na kosa. Lakini Juni 2019 kanuni mpya ikaanza, na mwezi Agosti, moja kati ya matangazo mawili ya kwanza kuzuiwa lilikuwa la gari la Volkswagen. Wanaume ndani yake wanaelea angani, mwanariadha mwenye mguu bandia anaruka, na mwanamke amekaa kwenye benchi kando ya kigari cha mtoto. Hakuna pa kuweka futi. Ilichokiona mamlaka ni kile alichokiona Goffman, kwamba wengine wanatenda na yeye amewekwa. Wapo waliosema kanuni hiyo imezidi, na kwa tangazo hilo huenda walikuwa na hoja. Ila walau swali lililoulizwa lilikuwa lenyewe.

Hapa kwetu TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa 1987, kimeuliza swali hilo kwa muda mrefu, hata jarida lake kikaliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya mwimbaji Siti binti Saad. Sauti, si sura.

Nasikia pingamizi mbili. Ya kwanza: wewe mzee unachukia uzuri. Hasha. Mtu aliyekulia pwani hawezi kuuchukia uzuri. Udi, singo, hina na asumini havikuletwa na wakala wa matangazo. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, alipiga ngoma ya unyago maisha yake yote, na kwenye unyago mwili husemwa wazi kuliko bango lolote la bia. Wapo watakaosema unyago nao humfunza msichana kumpendeza mume, na ni kweli. Lakini pale mwenye mwili ndiye mwenye ngoma, ndiye mwenye maneno, na wanaume wako nje.

Pingamizi ya pili ni ngumu zaidi: siku hizi wanajitangaza wenyewe. Binti ana simu, ana wafuasi, anajipiga picha na losheni mkononi, analipwa. Nani kamgeuza kitu? Sina jibu zima. Anaandika sentensi mwenyewe, hilo ni jambo, na fedha zinaingia kwake. Lakini tazama mikao: goti lilelile lililolegea, vidole vilevile vinavyopapasa. Ameipata kalamu, maandishi bado anayanukuu. Kuhusu wanaume wanaovuliwa mashati ili kuuza marashi, wapo na wanaongezeka, ila sijasikia aliyevamiwa Kariakoo kwa ajili ya kifua chake.

Januari nilirudi Gerezani, breki zilikuwa zinalia. Muuza betri alikuwa ameleta kalenda ya mwaka mpya, imetundikwa kwenye msumari uleule juu ya ile ya zamani. Msichana mwingine, mrefu zaidi, vazi jekundu, zulia lilelile.

"Naona wamebadilisha," nikamwambia fundi.

Akainua kichwa akatazama. "Eeh, Mzee. Ile ilikuwa N50, hii N70."

"Na msichana je?"

Akatazama tena, kwa muda mrefu kidogo, tochi ya simu bado iko mkononi.

"Kwani si yuleyule?"